Matone, leza au upasuaji: kuchagua njia ya kushusha presha ya jicho

Ukishapimwa na kuambiwa una glakoma, ile ambayo wengi wetu huiita presha ya macho, swali linalofuata ni la kuchagua: matone ya kila siku, leza, au upasuaji. Mara nyingi huulizwa kwa dakika chache, mgonjwa akiwa bado hajaimeza habari yenyewe, na akifika nyumbani kila jamaa ana ushauri wake. Ulinganisho huu ni wa mtu aliyefika hapo. Ni wa yule pia ambaye amekuwa kwenye matone kwa miaka na sasa daktari ameanza kutaja leza au upasuaji.

Kabla ya kulinganisha, mambo mawili. Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayorudisha uoni uliokwisha kupotea, kwa sababu nyuzi za mshipa wa fahamu wa jicho zikifa hazioti tena. Zote zinalinda kilichobaki. Kwa hiyo ukitibiwa halafu usione tofauti yoyote, huenda tiba inafanya kazi yake barabara. Jambo la pili ni kwamba presha hii si ile ya damu. Vidonge unavyomeza kwa ajili ya presha ya damu havichukui nafasi ya tiba ya jicho, na mtu mwenye presha nzuri ya damu anaweza kuwa na presha kubwa machoni.

Maji yanavyoingia na kutoka

Nyuma ya airisi, yaani ile sehemu ya jicho yenye rangi, kuna kiungo kidogo kinachotengeneza maji angavu, kiasi cha mikrolita 2 hadi 3 kwa dakika. Si machozi, maji haya hubaki ndani. Hupita kwenye tundu la mboni, hujaza nafasi iliyo nyuma ya konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, kisha hutoka kwa njia mbili. Njia kuu ni chujio lililo kwenye kona ambapo konea na airisi hukutana. Chujio hilo huyapeleka kwenye mfereji mwembamba uitwao mfereji wa Schlemm, na kutoka hapo hadi kwenye mishipa ya damu. Njia ya pili ni ya pembeni: maji hupenya kati ya nyuzi za misuli na tabaka za ukuta wa jicho.

Presha ya kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Kwenye glakoma ya kona wazi, chujio linaonekana liko huru lakini limekuwa gumu kupitisha maji. Kwenye glakoma ya kona iliyofungwa, airisi yenyewe imelisogelea chujio na kulifunika. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Inaamua ni leza ipi inayoweza kukufaa, na ndiyo sababu daktari hutakiwa kuikagua kona kwa kioo maalumu kabla ya kupendekeza lolote.

Dawa zote na mashine zote za glakoma hufanya moja kati ya mambo matatu: kupunguza maji yanayotengenezwa, kuzifungua zaidi njia zilizopo, au kuyapa maji njia mpya ya kutokea.

Kinachobadilika kati ya mtu na mtu ni presha lengwa, yaani namba ambayo daktari anataka ufike na ubaki hapo. Mtu mwenye presha 28 na mshipa wa fahamu ulioumia kidogo anaweza kutoshwa na 19 au 20. Mwingine mwenye 28 hiyohiyo, lakini mshipa wake umeliwa sana, huenda akahitaji 12. Wapo pia wanaopata glakoma ilhali presha yao haijawahi kuvuka 21. Hao nao hutibiwa kwa kushushwa zaidi, maana mshipa wao hauvumilii hata presha hiyo ya kawaida. Utafiti mkubwa wa Sweden kuhusu glakoma ya mapema ulionyesha kuwa kila milimita moja inayopungua hupunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa takriban asilimia 10. Ndiyo maana madaktari hubishana kuhusu milimita mbili tatu ambazo kwa mgonjwa zinaonekana si kitu. Ukitoka kliniki bila kuijua namba yako lengwa, rudi ukaulize.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa maswali manne yaleyale: inashushaje presha na kwa kiasi gani, kazi gani inabaki kwako, inaweza kudhuru nini, jichoni na mwilini, na inadumu muda gani. Watu huanza na nguvu ya tiba. Kwa maoni yangu swali la pili ndilo linalostahili muda mwingi zaidi. Glakoma ya kona wazi haiumi wala haiwashi, kwa hiyo hakuna kitu mwilini kinachokukumbusha kwamba leo hukutia dawa.

Matone

*Inavyoshusha presha.* Matone si dawa moja. Kundi linaloanzwa mara nyingi zaidi ni la prostaglandini: latanoprosti, travoprosti, bimatoprosti na tafluprosti. Haya huifungua njia ya pembeni, na hushusha presha kwa takriban asilimia 25 hadi 33. Timololi, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1978, hupunguza utengenezaji wa maji, na hushusha kwa asilimia 20 hadi 25 hivi. Usiku haifanyi kazi sana, kwa kuwa maji yenyewe hupungua mtu akilala. Dorzolamidi na brinzolamidi nazo hupunguza utengenezaji kwa njia nyingine. Brimonidini hugusa pande zote mbili, utengenezaji na utokaji. Pilokapini ni ya kale zaidi, imetumika tangu karne ya 19. Huivuta misuli ya ndani na kulikunjua chujio, lakini huibana mboni na kutiwa mara nne kwa siku, hivyo siku hizi haiko mstari wa mbele. Netasudili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hulilegeza chujio lenyewe.

*Kazi inayobaki kwako.* Ni yote. Prostaglandini hutiwa mara moja jioni, timololi mara moja au mbili, nyingine mara mbili au tatu. Presha isiposhuka vya kutosha huongezwa dawa ya pili, halafu ya tatu, ingawa vipo vichupa vinavyochanganya dawa mbili. Tone moja linatosha, kwa sababu jicho haliwezi kushika la pili; litashuka shavuni. Ukilitia, fumba jicho na ubonyeze kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili, ili dawa isiteremke puani na kuingia kwenye damu. Kama una vichupa viwili, subiri dakika tano katikati. Mwenye mikono inayotetemeka au viungo vinavyouma atahitaji msaidizi, na hilo liulizwe mapema kuliko kugundulika baada ya mwaka mmoja wa matone kuishia kwenye kope.

*Hatari.* Prostaglandini huacha alama: wekundu, kope ndefu na nyeusi zaidi, ngozi ya pembeni kuwa nyeusi, macho kuonekana yamezama kidogo, na airisi za rangi mseto kuwa kahawia kwa kudumu. Mwilini hazina makuu. Timololi ni kinyume chake, kwani jichoni ni pole lakini mwilini inaweza kuwa kali. Mwenye pumu, ugonjwa sugu wa mapafu, mapigo ya moyo ya polepole au hitilafu ya umeme wa moyo hapaswi kuitumia. Tone la jicho halichukuliwi na watu kuwa dawa ya kweli, ndiyo maana wagonjwa wa pumu husahau kumtajia daktari wa macho hali yao. Brimonidini huleta mzio wa macho kwa baadhi ya watu na usingizi, na kwa watoto wadogo ni hatari kwa sababu inaweza kudidimiza upumuaji. Dawa ya kuhifadhia iliyomo kwenye vichupa vingi nayo huchokoza uso wa jicho baada ya miaka. Yapo matone yasiyokuwa nayo.

*Inavyodumu.* Hudumu kwa kadiri unavyoendelea kuyatia. Uzuri wake mkubwa ni kwamba dawa isiyokufaa huachwa, ikabadilishwa, na jicho likabaki karibu kama lilivyokuwa, ukiacha ile rangi ya airisi.

Vipo pia vidonge vya asetazolamidi. Hushusha presha haraka na kwa nguvu, lakini huleta ganzi ya vidole, mkojo wa mara kwa mara, uchovu, hata mawe kwenye figo. Hutumiwa zaidi kuvusha siku za dharura au kusubiri upasuaji. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, matatizo ya figo au mzio wa dawa za salfa aseme kabla ya kupewa.

Leza ya kwenye chujio

*Inavyoshusha presha.* Leza inayotumika sana leo kwa kona wazi huchagua seli zenye rangi zilizo kwenye chujio, huzigusa kwa nguvu ndogo bila kuunguza tishu za jirani, na mwili wenyewe ukaamka kulisafisha chujio. Hakuna tundu linalotobolewa. Presha hupungua kwa asilimia 20 hadi 30 hivi, karibu sawa na tone zuri, na matokeo kamili huonekana baada ya wiki kadhaa.

*Kazi inayobaki kwako.* Ni ndogo. Unakaa kwenye kiti mbele ya mashine, unatiwa matone ya ganzi, na ndani ya dakika chache imekwisha. Unapimwa presha tena kabla ya kuondoka. Kinachobaki ni kurudi kupimwa, na hapo ndipo wengi hupotea, wakidhani wameshapona.

*Hatari.* Jicho linaweza kuwa jekundu au kuuma kidogo kwa siku mbili tatu, na wachache hupandwa na presha kwa saa chache, jambo linalotibika. Haifai pale ambapo kona imefungwa au jicho lina uvimbe wa ndani usiotulia.

*Inavyodumu.* Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa LiGHT uliofanyika Uingereza kwa watu 718 ambao ndio kwanza walikuwa wamegundulika na glakoma ya kona wazi au presha kubwa ya jicho. Miaka mitatu baada ya kuanza na leza, asilimia 74 walikuwa kwenye presha yao lengwa bila tone lolote. Kundi lililoanza na matone lilikuwa na watu 11 waliohitaji upasuaji wa glakoma. Kundi la leza halikuwa na hata mmoja. Mwongozo wa taifa wa Uingereza ukabadilishwa mwaka 2022, leza ikapendekezwa ianze.

Huko Tanzania, utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2021 uliilinganisha leza hiyo na timololi kwa wagonjwa wenye presha ya juu, wengi wao ugonjwa ukiwa umeshaendelea. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza na asilimia 31 ya yaliyotiwa matone. Isomwe pande zote mbili: leza ilishinda, lakini macho karibu manne katika kila kumi yaliyopigwa leza hayakufikia lengo. Nguvu yake hufifia kadiri miaka inavyopita. Inaweza kurudiwa, na ikigoma matone na upasuaji bado viko palepale.

Kwa kona iliyofungwa leza ni nyingine kabisa. Hutoboa kitundu kwenye airisi ili maji yapite na airisi irudi nyuma. Hapo pia kuondoa lenzi ya jicho kumepata nafasi. Utafiti wa EAGLE wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kuitoa mapema, hata kabla haijawa mtoto wa jicho, kulifanya vizuri kuliko kitundu cha leza kwa watu wa umri wa miaka 50 na kuendelea waliokuwa na kona iliyofungwa pamoja na presha ya juu au glakoma. Leza ya tatu huilenga sehemu inayotengeneza maji na kuipunguza nguvu. Kwa muda mrefu iliachiwa macho ambayo mengine yote yameshindikana.

Upasuaji

*Inavyoshusha presha.* Upasuaji wa msingi ni trabekulektomi, uliotangazwa na Cairns mwaka 1968 na mpaka leo haujang'olewa. Chini ya kope la juu daktari hufungua kimlango kwenye weupe wa jicho, maji yakatokea hapo na kukusanyika chini ya utando wa juu kama kilengelenge, kisha yakanywewa na mwili. Hii ndiyo njia inayoweza kuifikisha presha kwenye 12 au chini yake bila dawa. Utafiti wa TAGS wa Uingereza, wa mwaka 2021, uliwachukua watu 453 waliogundulika ugonjwa ukiwa umeshafika mbali. Baada ya miaka miwili, walioanza na upasuaji walikuwa na wastani wa presha 12.4, walioanza na matone 15.1. Ubora wa maisha waliousimulia wenyewe haukutofautiana, na hilo linafaa kusemwa kwa wale wanaoamini kuwa upasuaji wa jicho ni mwisho wa dunia.

Njia nyingine ni mrija mdogo unaoyapeleka maji kwenye kisahani kilichoshonwa kando ya jicho, kama vile wa Ahmed, Baerveldt au Molteno. Huu huchaguliwa hasa pale ambapo jicho limeshapasuliwa kabla na makovu yangekiziba kimlango.

*Kazi inayobaki kwako.* Imelundikana mwanzoni. Wiki za kwanza ni za kurudi kliniki mara kwa mara, kutia matone ya kuzuia uvimbe na maambukizi, kutoinama wala kunyanyua vizito. Nyuzi zilizotumika kushona hulegezwa au kukatwa kulingana na presha inavyokwenda, na kazi hiyo ina uzito sawa na upasuaji wenyewe. Asiyeweza kurudi kliniki wiki hizo amwambie daktari kabla ya kukubali tarehe.

*Hatari.* Ni kubwa kuliko za njia nyingine. Presha inaweza kushuka kupita kiasi na uoni ukafifia, kimlango kinaweza kuvuja au kuziba, na mtoto wa jicho huja mapema zaidi. Maambukizi yanaweza kuingia kupitia kilengelenge hata miaka mingi baadaye. Jicho lililopasuliwa likiwa jekundu, likatoa usaha, likauma au uoni ukapungua, nenda siku hiyohiyo. Mrija nao una yake: kuona vitu viwiliviwili, kuichosha konea, au kutokeza nje ya utando.

*Inavyodumu.* Kwa wengi ni miaka mingi, ingawa mwili hupenda kuponya kidonda, na hapa kupona ndiyo kuziba. Ndiyo sababu wakati wa upasuaji hupakwa mitomaisini, dawa ya kuzuia makovu. Wengine hurudi kwenye tone moja baada ya muda.

Vipandikizi vidogo mno vinavyowekwa kwenye chujio viko katikati ya leza na upasuaji mkubwa. Kwa kawaida huwekwa mtu anapotolewa mtoto wa jicho. Ni salama kuliko trabekulektomi, ila hushusha kidogo. Kwa anayehitaji 12, si jibu.

Nani achukue ipi

Kama ndiyo kwanza umegundulika, kona iko wazi na ugonjwa ni wa mwanzo au wa wastani, leza na matone vyote ni mwanzo halali. Safari nyingi, ratiba isiyotabirika, macho makavu au upungufu wa dawa hukusogeza kwenye leza. Ukiwa mtu wa utaratibu, unayeogopa mashine na uliye na dawa ya kutosha mwaka mzima, matone ya jioni yatakutumikia vizuri. Hakuna ubaya wa kujaribu moja kisha nyingine.

Mwenye pumu au moyo unaopiga polepole aiondoe timololi mezani na aulize kuhusu prostaglandini au leza. Anayepanga kupata mtoto naye afikirie leza mapema, kabla ya mimba, maana dawa nyingi za matone hazijapimwa vya kutosha kwa wajawazito. Aliyekwisha kushika mimba asiache dawa kimyakimya bali amwambie daktari.

Unatumia vichupa vitatu na uwanja wako wa kuona bado unapungua? Kuongeza cha nne mara nyingi ni kupoteza muda. Kwanza muonyeshe daktari au muuguzi jinsi unavyotia, kwa sababu tatizo linaweza kuwa hapo. Kama unatia sawasawa, hayo ni mazungumzo ya upasuaji. Vivyo hivyo kwa aliyegundulika akiwa amechelewa sana, na zaidi kama bado ana miaka mingi ya kuishi mbele yake: haina haja ya kupanda ngazi zote kabla ya kufika trabekulektomi.

Aliyebaki na jicho moja linaloona ana uamuzi mgumu kuliko wote, kwa kuwa upasuaji unaoweza kuliokoa ndio unaoweza kulidhuru. Amtafute daktari anayefanya upasuaji huu mara kwa mara na amuulize matokeo yake mwenyewe.

Mwenye mtoto wa jicho pamoja na glakoma ya mwanzo aulize kama vyote vinaweza kushughulikiwa siku moja.

Maumivu makali ya ghafla, jicho jekundu, kutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa hayako kwenye ulinganisho huu. Hiyo ni kona iliyofungwa ghafla, na mtu aende hospitali saa hiyohiyo, akachague baadaye.

Na kama presha iko juu lakini mshipa bado mzima, kusubiri nako ni chaguo. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu wa aina hiyo ambao hawakutibiwa walipata glakoma kwa asilimia 9.5 ndani ya miaka mitano, na waliotiwa matone kwa asilimia 4.4. Dawa ilipunguza hatari kwa zaidi ya nusu. Lakini pia wengi wa wasiotibiwa hawakuugua. Mzee wa miaka 80 mwenye presha 24 na konea nene anaweza kukubaliana na daktari wake apimwe tu kwa vipindi walivyopanga, na tiba ianze siku vipimo vitakapobadilika.